Mgonjwa Asiuawe, Wala Asiachwe na Maumivu

Uholanzi tangu mwaka 2002, na Kanada tangu 2016, sheria inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa afe kwa dawa. Wasomaji wameniuliza dini zinasemaje, na mgonjwa wa maradhi yasiyopona afanyiwe nini.

Daktari, Waislamu na Wakristo wana msimamo mmoja katika hili?

Wanakaribiana sana, ingawa wapo Wakristo wachache, hasa Ulaya na Kanada, wenye mawazo tofauti. Tarehe 28 Oktoba 2019, wawakilishi wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu walitia saini tamko la pamoja huko Vatikani. Wazo lilitoka kwa Rabi Avraham Steinberg wa Israeli, aliyelipeleka kwa Papa Fransisko. Walikataa mgonjwa kuuawa au kusaidiwa kujiua, na wakataka mhudumu wa afya asilazimishwe kushiriki. Hawakuishia kwenye katazo. Walitaka pia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, imfikie kila mgonjwa, popote alipo. Nusu hii ya pili ndiyo tunayoisahau.

Kama uhai ni wa Mungu, basi mgonjwa hana budi kuvumilia maumivu?

Hapana, na ninaomba hili litamkwe misikitini na makanisani. Mwaka 1957 Papa Pius XII, akiwajibu madaktari wa dawa za usingizi, alisema inafaa kumtuliza mgonjwa maumivu kwa dawa hata kama huenda ikafupisha maisha yake, mradi hakuna njia nyingine na nia si kumuua. Katika Uislamu kujiua ni haramu, lakini Mtume alihimiza watu wajitibu. Subira si kukataa dawa. Kumwacha mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi alie usiku kucha, kisha tuuite huo mtihani wa imani, ni ukatili.

Lakini mofini, hiyo dawa kali ya maumivu, si ndiyo inayowamaliza wagonjwa?

Familia nyingi huiona mofini kwa mara ya kwanza siku za mwisho kabisa, kwa hiyo kifo kikija, lawama huiangukia dawa. Ukweli ni kwamba mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo, aghalabu kila baada ya saa 4, kisha hupandishiwa taratibu kadiri maumivu yanavyodai. Ikitolewa hivyo, haimuui. Usingizi na kichefuchefu vya mwanzoni kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo hutolewa tangu siku ya kwanza. Uraibu ni nadra kwa mgonjwa anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani. Msimwongezee dozi wenyewe, na akilala mno hata kuamshwa ni shida, mwiteni mhudumu mara moja.

Wala si dawa ya matajiri. Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha kituo cha tiba shufaa, Hospice Africa Uganda, mwaka 1993. Huko unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu ya kila chupa ijulikane kwa kuitazama. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Anayesema umaskini ndio unaotuzuia aitazame Uganda.

Kuzima mashine ya kupumulia ni kuua?

Si lazima. Kanisa Katoliki halimlazimishi mgonjwa tiba nzito isiyo na faida kwake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, likikutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine iondolewe kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa. Kuacha maradhi yafuate mkondo wake si sawa na kumpa mtu sumu.

Baba yangu anasema, "Bora nife." Tumjibuje?

Msimkemee, wala msikimbilie kumhubiria. Kaeni naye, mumuulize kinachomtesa zaidi ni nini. Cicely Saunders, Mwanglikana aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho huja kwa pamoja. Huenda ni mfupa unaouma. Huenda ni haya ya kuogeshwa na binti yake, au deni ambalo hajamwambia mtu. Mfupa una mofini, deni lina kikao cha ukoo. Wagonjwa wengi, maumivu yakishatulia na wakiona hawajawa mzigo, hawarudii neno hilo.

Tiba shufaa tuitafute wapi?

Anzeni na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam; Hospitali ya Selian ya Kilutheri, Arusha; au Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990. Bado huduma hizi ni chache mno: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni takriban asilimia 14 tu ya wanaohitaji tiba shufaa duniani wanaoipata. Hospitali nyingi za kwetu ni mali ya makanisa na taasisi za Kiislamu. Basi mashekhe, mapadri na wachungaji, kabla ya hotuba nyingine dhidi ya kusaidiwa kujiua, nendeni mkaulize kama stoo ya dawa ya hospitali yenu ina mofini ya maji.