MTUME APOKEWA KISIWANI MALTA

Somo: Matendo ya Mitume 27:39 hata 28:10



Tafadhali kila mmoja afungue Kitabu chake mahali palipotajwa, asome kwanza mwenyewe polepole, kisha ndipo aendelee na maneno haya. Maana habari hii tumeizoea kuisoma kwa haraka. Twaanza na tufani, twaona merikebu ikivunjika, na mara tukifika ufuoni twamkimbilia yule nyoka. Lakini katikati ya tufani na nyoka upo mstari mmoja tunaouruka, nao ni wa pili katika sura ya 28. Hapo Luka anasimulia mvua, na baridi, na moto uliowashwa na watu asiowajua. Nataka tukae kidogo karibu na moto huo.

Tuangalie kwanza ni watu gani hao waliofika ufuoni. Majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha. Luka ataja ile Saumu ya Wayahudi, yaani Siku ya Upatanisho, iliyo katika mwezi wa Septemba au Oktoba, kwamba ilikuwa imepita. Na mabaharia wa zamani hawakupenda kuingia bahari kuu tangu Novemba hata Machi. Paulo aliwaonya pale Bandari Nzuri katika Krete, wasimsikilize. Basi upepo wa kaskazini-mashariki ukawakamata, wakachukuliwa usiku 14 pasipo kuona jua wala nyota. Mskoti mmoja, James Smith, mtu aliyevijua vyombo vya baharini, alitoa kitabu mwaka 1848 juu ya safari hii. Alihesabu ya kuwa merikebu ya namna ile, ikisukumwa na upepo ule kutoka kisiwa cha Kauda, ingetumia karibu siku 13 kufika Malta. Luka hakuwa mtungaji wa hadithi. Alikuwa ndani ya chombo.

Watu walikuwa 276. Vyombo vya merikebu walikuwa wamevitupa baharini kwa mikono yao wenyewe, na mwisho wakaitupa na ngano, iliyokuwa chakula chao. Waliojua kuogelea walijitosa kwanza, wengine wakafika juu ya mbao na vipande vya merikebu. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye mkoba, wala blanketi, wala nguo kavu. Tena msisahau ya kuwa Paulo alikuwa mfungwa, na asubuhi ile ile askari walikuwa wamefanya shauri la kuwaua wafungwa wote wasije wakatoroka. Ni akida Yulio aliyewazuia. Mtu ametoka katika maji, na pembeni yake amesimama yule aliyetaka kumchoma upanga saa moja iliyopita, na wote wawili wanatetemeka.

Malta ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kama kilomita 27, na upana wake kama kilomita 14, nacho kiko kusini ya Sisilia kwa kadiri ya kilomita 90. Upande wa kaskazini iko ghuba iitwayo kwa jina la Paulo hata leo. Kiangazi chao ni kikavu kabisa, na mvua zao huja pamoja na miezi ya baridi. Ninyi mkaao milimani mnaijua mvua ya namna hiyo, iingiayo mpaka mifupani. Ninyi wa pwani itawapasa kusadiki tu. Hata katika miaka yetu hii watu wengi wa Afrika wameivuka bahari ile kwa mashua dhaifu kutoka Libya, wengine wakafika Malta, wengine wakazama. Mwalimu atakayefundisha somo hili awakumbuke katika sala.

Sasa tuje kwa wenyeji. Katika Kiyunani Luka awaita *barbaroi*. Wayunani walimwita hivyo kila mtu asiyejua lugha yao, maana masikioni mwao maneno yake yalikuwa kama bar-bar-bar tu. Mtume mwenyewe alitumia neno hilo kwa maana hiyo katika 1 Wakorintho 14:11. Lakini neno halikukaa kwenye lugha peke yake. Likawa neno la dharau, kwamba mtu huyo hana elimu wala adabu. Sisi tuliotoka bara hatuhitaji kuelezwa sana. Babu zetu walipofika pwani na mizigo yao, waungwana wa huko waliwaita washenzi, na neno lile lilifanya kazi ile ile.

Wala watu wa Malta hawakuwa wajinga. Walikuwa wa uzao wa Wafoinike, na lugha yao ilikuwa jamaa ya Kiebrania. Katika karne ya 17 yalijulikana kule Malta mawe mawili ya marumaru, yenye maandiko ya Kifoinike pamoja na ya Kiyunani, na kwa msaada wa mawe hayo Mfaransa mmoja, Barthélemy, aliweza mwaka 1758 kuzisoma herufi za Kifoinike zilizokuwa zimesahauliwa. Lugha isemwayo Malta leo si ile. Imetoka katika Kiarabu. Kwa hiyo Mswahili akifika kule atastaajabu kusikia kitabu kikiitwa *ktieb*.

Watu hao, basi, waliona kundi la wageni 276 waliolowa. Luka asema walichowatendea hakikuwa cha kila siku, naye atumia neno *philanthropia*, yaani kuwapenda wanadamu. Nawaomba waalimu waliandike neno hilo katika daftari zao, maana katika Agano Jipya lote linapatikana mara mbili tu. Mara moja ni hapa, kwa watu wa Malta na moto wao. Mara ya pili ni katika Tito 3:4, nako ni pendo la Mungu Mwokozi wetu lililofunuliwa kwetu. Sisemi ya kuwa watu wa Malta waliokoka kwa moto wao. Tito 3:5 yatukataza kusema hivyo, kwa kuwa hatuokolewi kwa matendo. Lakini Roho Mtakatifu hakuona haya kuliweka neno moja mahali pote pawili, na mimi siwezi kupita hapo nisisimame.

Tena yako maneno mengine mawili. Luka asema wenyeji waliwapokea, na tendo hilo ndilo Paulo alilowaandikia Warumi zamani kidogo, katika Warumi 15:7, kwamba wapokeane kama Kristo alivyowapokea. Na asema waliwapokea wote. Hawakuuliza nani ni askari na nani ni mfungwa. Nani angeweza kuwabagua, hali wote wamelowa sawasawa?

Na katika barua hiyo hiyo ya Warumi, 1:14, Paulo alikuwa ameandika ya kuwa yeye ni mwenye deni kwa Wayunani na kwa hao *barbaroi* vilevile. Alipoandika alikuwa na maana ya deni la Injili. Je! alijua ya kuwa siku moja angekuwa na deni kwao la kuni?

Hapa ndipo somo linapotugusa. Tumezoea kujifikiri kuwa sisi ndio wenye kutoa. Sisi tunalo Neno, tunayo shule, tunajua kusoma. Asiyebatizwa ndiye mwenye kupokea. Wako waalimu, tena waaminifu, wanaofundisha ya kuwa Mkristo aliye safarini afadhali alale njiani kuliko kuingia nyumba ya mtu asiyebatizwa. Nami siwahukumu, maana nilikuwa mmoja wao.

Nilipokuwa mwanafunzi wa seminari nilikuwa nikirudi nyumbani wakati wa masika, mzigo wangu mgongoni. Mto ulikuwa umejaa, sikuweza kuvuka, na giza likaniingilia. Nikabisha katika nyumba ya mzee mmoja ambaye sikumjua. Nilipoingia niliona mara moja, kwa vitu vilivyotundikwa mlangoni, ya kuwa si mtu wa Kanisa. Akaniweka karibu na moto, mkewe akatwaa shati langu akalikausha. Kisha wakaleta chakula, nami nikakataa, nikasema sina njaa. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi; niliogopa kwamba labda kimetolewa kwa mizimu. Mzee akanitazama, akasema, “Mwanangu, moto wangu umekufaa. Chakula changu ndicho kisichokufaa?” Sikuwa na jibu. Hawakula mbele yangu usiku ule, na sufuria ikakaa pale imefunikwa mpaka kulipokucha.

Nilirudi seminari nikasoma 1 Wakorintho 10:27, mstari niliokuwa nimeujibia vizuri katika mtihani. Mtume asema wazi: asiyeamini akikualika, nawe ukipenda kwenda, ule kinachowekwa mbele yako bila kuuliza kwa ajili ya dhamiri. Ni pale tu mtu akikuambia kimetolewa kwa sanamu ndipo uache, tena kwa ajili ya dhamiri yake yeye. Mimi sikuambiwa neno na mtu. Niliwaaibisha watu kwa ajili ya jambo nililolibuni moyoni mwangu. Mwaka uliofuata nilipita njia ile kwa makusudi, nikaomba chakula. Yule mama alicheka sana, akanipa viazi.

Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwakataza kuchukua mkoba wa njiani (Luka 10:4), akawaambia wale na kunywa vya watu wa nyumba ile (Luka 10:7). Mara nyingi twafundisha kwamba alifanya hivyo wapate kumtegemea Mungu, na hiyo ni kweli. Lakini Mungu aliwalisha kwa mkono wa nani? Mjumbe mwenye kila kitu mgongoni mwake hana haja ya kubisha mlango wa mtu. Ataweka hema yake nje ya kijiji, atahubiri jioni, atakwenda zake asubuhi, wala hatajua mtoto wa nani ni mgonjwa.

Mtu atasema: Mchungaji, unawafundisha watu kuombaomba. Hapana. Mtazame Paulo ufuoni. Hakungoja wahenga wamwambie mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ile ile ya kwanza, nguo zingali zikitiririka maji, alikuwa akiokota kuni. Kanisa la kwanza nalo lilikuwa na kanuni karibu sawa na methali yetu. Katika kitabu cha kale kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho hati yake ilivumbuliwa mwaka 1873, imeagizwa ya kuwa mgeni apitaye asaidiwe, akae siku mbili, au tatu ikiwa lazima. Na akitaka kukaa zaidi, afanye kazi apate kula.

Juu ya nyoka sitasema mengi, kwa kuwa mmesikia mahubiri mengi juu yake. Angalieni jambo moja tu. Nyoka alipomshika Paulo, wenyeji walisema ni mwuaji. Alipokosa kufa, wakasema ni mungu. Walikosea mara zote mbili. Lakini walipodhani ni mwuaji, Luka hasemi ya kuwa walimwondoa motoni. Ninajiuliza kama katika sharika zetu, tulio na mafundisho yaliyo sawa, mtu tunayemdhania mwuaji angeachwa aendelee kuota moto.

Kisha Publio, mkubwa wa kisiwa, akawakaribisha siku 3. Baba yake alikuwa na homa na kuhara damu. Paulo akaingia, akaomba, akaweka mikono, mgonjwa akapona, na wagonjwa wengine wakaja. Hivyo fadhili zilikwenda na kurudi, na mwisho usingeweza kujua nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Wala Luka haandiki ya kuwa mtu hata mmoja alibatizwa. Sidhani Paulo alinyamaza miezi 3. Hiyo haikuwa desturi yake. Lakini Luka, aliyeandika habari za ubatizo mahali pengi, hapa aliona vema kuandika moto.

Waalimu watakaolifundisha somo hili kwa wanafunzi wa Kipaimara waliunganishe na Ombi la Nne katika Katekisimo Ndogo. Hapo Luther anafundisha ya kuwa Mungu huwapa hata waovu riziki ya kila siku pasipo wao kuomba, na katika kuihesabu riziki hiyo anataja hata majirani wema. Waulizeni watoto: jirani mwema huyo, je! Luther alisema sharti awe amebatizwa? Waacheni wafikiri. Kisha kila mtoto ataje jirani mmoja asiye wa Kanisa aliyewahi kuwasaidia nyumbani kwao, na jina lake litajwe katika maombi ya mwisho wa somo, kwa shukrani kwanza, kabla ya kumwombea aongoke.

Baada ya miezi 3 wasafiri wakaondoka katika merikebu nyingine ya Iskanderia, iliyokuwa na alama ya wale mapacha wawili waliohesabiwa kuwa miungu ya mabaharia. Watu wa Malta wakawapakilia vitu vilivyowapasa kwa safari. Wakapita Sirakusa, wakapita Regio, wakafika Puteoli, na huko wakawakuta ndugu, wakakaa nao siku 7. Tangu Sidoni, mwanzoni mwa safari, mpaka Puteoli, Luka hamtaji Mkristo hata mmoja aliyewafungulia mlango njiani. Awataja hao wa Malta tu.