Insha ya Hoja: Maadili Katika Mabango ya Uhamasishaji

Bango husema kwa picha, rangi na maneno machache. Halina nafasi ya kujieleza, hivyo kila uamuzi wa msanifu una uzito: atumie picha ya nani na akuze maneno yapi. Insha ya hoja hukuwezesha kuupima uamuzi huo kwa pande zote mbili kabla ya kutoa msimamo.

Swali la mfano

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Chukulia kuwa wanafunzi wa Mbulu wanaandaa bango la kuchangisha misaada. Mmoja wao anataka kutumia picha ya mtoto wa Katesh akilia, uso ukionekana wazi. Jadili.

Hatua za kujibu

1. Lielewe swali. Huulizwi kama picha inavutia, bali kama inafaa kutumika.

2. Eleza hoja za kukubali kwa nguvu zake zote. Uso wa mtu hugusa moyo haraka kuliko takwimu. Waathirika wanahitaji unga na mablanketi leo, si kesho.

3. Eleza hoja za kukataa. Mtoto hakuombwa ridhaa. Matope yatakauka, lakini picha itabaki kwenye simu za watu, na huenda akafika sekondari wenzake wakimtambua kwa kilio kile. Pia, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa inayomhusu.

4. Toa msimamo wenye kipimo. Usiseme tu "si vizuri". Onesha sababu, kisha pendekeza njia mbadala.

Aya ya mfano (hitimisho)

"Nakubali kwamba picha ya mtoto ingeleta michango haraka. Hata hivyo, lengo la bango ni kumsaidia mtoto huyohuyo, hivyo halipaswi kumvunjia heshima. Kipimo changu ni hiki: mama yake akilikuta bango hili sokoni, atasimama kulisoma au atageuza uso? Napendekeza itumike picha ya nyumba iliyojaa matope, na chini yake yaandikwe mahitaji na mahali pa kuyapeleka."

Angalizo

Watahiniwa wengi huchagua hoja dhaifu ya upande wa pili ili waipinge kwa urahisi. Ukijibu hoja iliyo ngumu zaidi, msimamo wako utakuwa na nguvu.

Zoezi

Klabu ya shule wilayani Hanang inataka bango la kupinga ukeketaji lenye picha ya wembe wenye damu. Jadili kwa maneno yasiyopungua 250. Mfikirie pia msichana aliyekwisha kukeketwa ambaye atapita mbele ya bango hilo kila asubuhi.