Dondoo muhimu: Kutoa breki za dramu nyuma na kuweka diski

Samaki wa kisiwa cha Remba huvuka Ziwa Victoria kwa boti kabla ya kupakiwa kwenye pikapu bara. Ukitaka pikapu hiyo iwe na diski nyuma, usinunue diski na kalipa pekee. Masta silinda ya dramu huenda ina vali inayobakiza presha kwenye paipu. Vali hiyo ikiachwa, pedi zitasugua diski hadi zichemke. Vali ya kugawa presha nayo irekebishwe: magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele, mkia wa gari huteleza, hasa likirudi tupu kwenye mvua. Chagua kalipa yenye handibreki. Ukimaliza kufunga, toa hewa yote kwenye paipu za breki. Dramu zikiwa bado nzima, ningebadili viatu tu. Sababu ni kwamba breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa.