Akiba, Subira na Raha Ndogo za Maisha

Watu wengi hudhani kwamba kuweka akiba ni jambo la hesabu tu: toa matumizi katika mapato, kinachobaki kiweke. Lau ingekuwa hivyo, walimu wa hisabati wangekuwa matajiri kuliko sisi sote. Kanuni ya kutoa hufundishwa tangu madarasa ya chini kabisa, lakini mipango ya akiba iliyotungwa kwa makini mwezi wa Januari huvunjika kabla ya mvua za masika kwisha. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha jambo hilo kwa mujibu wa utafiti wa elimu ya nafsi na wa uchumi, na kuonyesha kwa nini mpango unaoruhusu raha kidogo huweza kudumu kuliko ule unaokataza kila kitu.

Yafaa niseme mapema ninamzungumzia nani. Mtu ambaye mapato yake hayatoshi chakula cha siku hahitaji somo la subira, anahitaji mapato. Mjadala wetu unamhusu yule mwenye ziada, hata ikiwa ndogo: mwanafunzi wa bweni aliyepewa fedha za matumizi, au mwalimu kijana aliyeazimia kununua mabati ya nyumba yake kwa mshahara wa kila mwezi.

Thamani ya kitu kilicho mbali

Kila mtu hukipunguzia thamani kitu kitakachopatikana baadaye. Swali la kisayansi ni hili: thamani hiyo hupungua kwa mtindo gani? Mwaka 1937 mwanauchumi Paul Samuelson alipendekeza kanuni ambayo ndani yake thamani hupungua kwa kiwango kile kile kwa kila kipindi cha kusubiri. Kanuni hiyo ina sifa moja muhimu: mtu anayeifuata hageuki. Alichokichagua leo kwa ajili ya mwezi ujao, mwezi ujao ukifika atakichagua tena.

Wanadamu tunaowajua hawako hivyo. Mwaka 1975 George Ainslie, mwanasayansi wa Marekani, alikusanya ushahidi kwamba thamani huporomoka kwa kasi katika siku za karibu, kisha hupungua polepole katika siku za mbali. Mwaka 1987 James Mazur, aliyefanya majaribio yake kwa njiwa, aliiandika tabia hiyo kwa kanuni nyepesi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitumia:

T = K ÷ (1 + m × s)

Hapa T ni thamani ya kitu kama inavyoonekana sasa. K ni thamani yake kamili siku kitakapopatikana. S ni idadi ya siku za kusubiri. Na m ni kipimo cha kukosa subira. Kadiri m inavyokuwa kubwa ndivyo mtu anavyokuwa mwepesi wa kutaka mambo papo kwa papo.

Tumchukue yule mwalimu kijana. Baada ya siku 30 atapokea mshahara, na siku hiyo marafiki zake watakwenda kula nyama choma. Tuipe karamu hiyo alama 6. Mabati anayoyataka yatafika dukani siku ya 40. Tuyape alama 10. Fedha ni zile zile: akizila siku ya 30, siku ya 40 hana cha kununulia. Tuseme m yake ni 0.1.

Leo, siku ya 0, nyama ina thamani ya 6 ÷ (1 + 3), yaani 1.5. Mabati yana thamani ya 10 ÷ (1 + 4), yaani 2. Mabati yanashinda, naye anaapa mbele ya mkewe kwamba mwezi huu hatagusa fedha. Siku ya 30 inafika. Nyama sasa ina thamani kamili, 6. Mabati, yakiwa bado siku 10 mbele, yana thamani ya 10 ÷ (1 + 1), yaani 5. Nyama imeshinda.

Je, mgeuko huo ulitokea lini? Msomaji akitafuta siku ambayo thamani mbili zinalingana, ataona kwamba ni siku ya 25: 6 ÷ 1.5 ni 4, na 10 ÷ 2.5 pia ni 4. Maana yake ni kwamba siku tano kabla ya mshahara nia ya mtu huyu ilikuwa imekwisha kugeuka, pengine bila yeye mwenyewe kutambua. Alipoapa hakuwa mwongo. Bei za nyama na mabati hazikubadilika, wala hakuna aliyemshawishi. Kilichobadilika ni umbali wake na vitu hivyo viwili. Kwa hiyo kumlaumu mtu wa namna hii kwa kukosa msimamo ni kuitazama dalili na kuuacha ugonjwa.

Kujifunga mapema

Kama nia hugeuka siku ya 25, dawa hapana budi itumiwe kabla ya siku hiyo. Katika jaribio alilolitangaza mwaka 1974, Ainslie aliwapa njiwa nafasi ya kudonoa kitufe mapema, kabla kishawishi hakijatokea, na kwa kufanya hivyo wakazuia kishawishi chenyewe kisitokee. Baadhi ya njiwa walijifunza kukidonoa. Ndege asiyejua kesho ni nini alikuwa amejifunza kuifunga nafsi yake!

Jamii zetu zilikuwa na vitufe vyao zamani. Kibubu hakina mlango. Kukifungua ni kukivunja. Katika upatu, mwanachama anayeshindwa kutoa fedha zake huwaudhi wenzake wote, na aibu hiyo ndiyo kufuli. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mtindo wake wa kisasa ulianzia Niger mwaka 1991 na ambavyo kwetu vina ndugu zao katika vikoba, hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hakuna mtu mmoja awezaye kulifungua usiku kwa tamaa yake mwenyewe.

Watafiti wamelipima jambo hili. Nchini Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja kuwapa wateja hesabu ya akiba isiyoruhusu kutoa fedha kabla ya tarehe au kiasi alichokichagua mteja mwenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba asilimia 28 ya walioelezwa habari za hesabu hiyo waliikubali, ingawa haikuwapa riba ya ziada. Baada ya miezi 12, ongezeko la akiba la kundi zima lililopewa nafasi hiyo lilizidi lile la kundi la ulinganisho kwa pointi 81 za asilimia.

Lakini kufuli ikizidi?

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mtu angeweza kudhani kwamba kadiri kufuli ilivyo ngumu ndivyo akiba itakavyokua. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliotangazwa mwaka 2013, unatuonya. Wanachama wa vikundi vya kuchangiana fedha walipewa vifaa mbalimbali vya kuwekea akiba ya afya. Wengine walipewa sanduku la chuma pamoja na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku kama hilo, ila ufunguo ulibaki kwa afisa wa mradi, na fedha zikawa kwa ajili ya afya pekee. Sanduku la kwanza, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote, lilitosha kuongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Sanduku la pili halikuongeza ununuzi wa vifaa vya kinga: watu walisita kuingiza fedha mahali ambapo wasingeweza kuzifikia wakati wa dhiki. Kutenga fedha kwa ajili ya jambo moja tu kulisaidia kwa dharura za ugonjwa, na pia kuliwafaa wale wanaoombwa mara kwa mara na jamaa na marafiki. Kila mwenye mshahara hapa petu anamjua mwombaji huyo, na mara nyingine mwombaji mwenyewe ni yeye.

Sanduku lisilofungika kwa nguvu lilifanya kazi kwa sababu lilizipa fedha jina na makao. Shilingi iliyo mfukoni haina jina. Huitwa na muuza maandazi, ikaitika.

Ugumu uliopita kiasi una madhara mengine ndani ya nafsi. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwachunguza wanafunzi wa kike wa chuo kikuu nchini Marekani. Baadhi walinyweshwa kwanza maziwa matamu mazito, kisha wote wakaruhusiwa kula aiskrimu kadiri walivyotaka. Wasiokuwa na masharti ya chakula walipokunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo zaidi, kama ilivyotazamiwa. Waliokuwa na masharti makali walifanya kinyume: baada ya kunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa masharti yale yale ambao hawakunywa. Sharti lilikwisha vunjika, basi liwalo na liwe. Nadhani kila aliyewahi kuchukua shilingi elfu mbili za akiba kwa soda, kisha akamaliza elfu ishirini jioni ile ile, anayafahamu matokeo haya bila maabara.

Raha yenye tarehe

Mwaka 2016 Rita Coelho do Vale na wenzake walitangaza jaribio linalotufaa sana. Watu waliokuwa wakipunguza uzito waligawanywa. Kundi moja lilipangiwa kalori 1,500 kila siku. Jingine lilipangiwa kalori 1,300 kwa siku sita, na siku ya saba 2,700. Jumla ya wiki ni ile ile, 10,500, na uzito uliopungua ulikaribiana. Tofauti ilikuwa katika moyo: wenye siku ya saba walidumisha hamu ya kuendelea kuliko wenzao. Washiriki walikuwa wachache, tena walijaribiwa kwa chakula, si kwa fedha. Kuyahamishia matokeo hayo kwenye akiba ni rai yangu. Hata hivyo sioni sababu ya kutuzuia kuijaribu.

Mwalimu wetu ana ziada ya shilingi 60,000 kwa mwezi. Akiiweka yote, karatasi inamwahidi 720,000 kwa mwaka. Akivunja mpango mwezi wa tano, amebaki na 240,000, tena kama hakuzigusa. Akiweka 50,000 na kutenga 10,000 kwa ajili ya raha ya Jumamosi moja inayojulikana, atapata 600,000. Ile 120,000 iliyoliwa ndiyo bei ya kuufikia mwezi wa Desemba.

Kuna sharti moja ambalo silegezi: raha hiyo ipangwe kwa tarehe na kiasi kabla mwezi haujaanza. Isiwe tuzo ya kujisifu kwamba “wiki hii nimejitahidi”, kwa maana hakimu wa juhudi hiyo ni yule yule mwenye njaa ya nyama, na hukumu yake tunaijua. Kungojea nako kuna faida yake. Katika jaribio la Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn la mwaka 2013, waliojizuia kula chokoleti kwa wiki moja waliifurahia zaidi walipoionja tena kuliko waliokula bila kikomo.

Wala subira si kipaji cha watu wachache. Utafiti wa Bettina Lamm na wenzake, wa mwaka 2018, uliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya wakulima ya Wanso huko Kamerun, kwa kuwaahidi kitafunwa cha pili iwapo wangengoja. Wanso waliongojea mpaka mwisho walikuwa takriban asilimia 70. Wajerumani hawakufika asilimia 30. Malezi na mazingira huibadili m.

Zoezi la darasani

1. Rudia hesabu ya nyama na mabati ukitumia m = 0.2. Nia inageuka siku ya ngapi?

2. Tumia m = 0.05. Kwa nini mtu huyu hahitaji kibubu?

3. Tafuta thamani ya m ambayo nyama na mabati hulingana siku ile ile ya mshahara.

4. Chagueni kitu kimoja ambacho darasa zima linakitamani na kingine ambacho linakihitaji. Kila mwanafunzi avipe alama, aandike siku za kusubiri, na akadirie m yake mwenyewe. Majibu yasisomwe kwa sauti.