Maji ya Kisima na Mtoto Mchanga: Kuchemsha Peke Yake Hakutoshi

Kwa miaka mingi sisi wauguzi tumewahimiza mchemshe maji ya kunywa. Fundisho hilo halijafutwa. Moto huua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini katika maji ya visima huweza kuwamo kitu ambacho moto haukiondoi, nacho ni hatari kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo. Kitu hicho ni chumvi iitwayo nitreti.

NITRETI HUTOKA WAPI?
Hutoka katika kinyesi cha watu na mifugo, samadi na mbolea ya chumvichumvi. Mvua huiyeyusha na kuishusha ardhini hadi kwenye maji. Haina rangi wala harufu. Maji yanaweza kung'aa machoni na bado yakawa nayo tele. Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo au zizi ndicho cha kuogopwa zaidi.

INAFANYA NINI MWILINI?
Bakteria wa mdomoni na tumboni huigeuza nitreti kuwa kitu kingine kiitwacho nitriti. Nitriti huingia katika damu, kisha hupenya hadi ndani ya chembe nyekundu. Humo hukutana na hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni. Kila hemoglobini ina sehemu nne zenye madini ya chuma, na kila sehemu hushika oksijeni kama mkono unavyoshika mzigo. Nitriti hubadili chuma hicho, mfano wa jembe linaloshikwa na kutu. Chuma kilichobadilika hakishiki tena oksijeni. Hivyo mtoto anavuta hewa, mapafu yake ni mazima, damu ipo, lakini mwili unakosa oksijeni.

Kutu hiyo hutokea kidogo kwa kila mtu, na kimeng'enya kilichomo katika chembe nyekundu huiondoa. Mtoto mchanga anacho kidogo. Tena asidi ya tumbo lake ni hafifu, kwa hiyo bakteria hustawi. Ndiyo sababu mtu mzima hula mchicha wenye nitreti asidhurike. Hata mwili wenyewe huweza kugeuza nitriti kuwa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Ubaya uko katika kiasi na umri.

Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliobadilika rangi kwa sababu ya maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri nitreti isizidi miligramu 50 katika lita moja ya maji.

DALILI NI ZIPI?
Kwa mtoto mweusi usitazame ngozi ya mwili. Tazama midomo, ulimi, ufizi na kucha. Huwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Baadaye mtoto huhema haraka, hukataa kula, hulegea na huweza kupata degedege. Hemoglobini iliyoharibika ikipita 50 katika 100, maisha yako hatarini. Damu yake huwa ya kahawia kama chokoleti, na hata akipewa oksijeni ya mtungi rangi hairudi. Mwahisheni hospitali, na mwelezeni daktari maji mnayotumia. Ipo dawa ya sindano, methilini bluu, ambayo husaidia upesi. Lakini haifai kwa kila mtoto, hivyo daktari ndiye mwenye kuamua.

TUFANYE NINI?
1. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hata mama akinywa maji ya kisima hicho, nitreti inayopita katika maziwa yake ni kidogo.
2. Mtoto aliyefiwa na mama na analelewa na bibi au shangazi, maziwa yake yachanganywe kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, au maji ya bomba yaliyopimwa.
3. Msichemshe maji kwa muda mrefu mkidhani yatakuwa salama zaidi. Maji hupungua, nitreti hubaki, na ukali wake huongezeka. Kuchuja kwa kitambaa na dawa ya klorini pia haviiondoi.
4. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji ya mchicha.
5. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka chooni na zizini, na kisiwe upande wa bondeni mwa vitu hivyo.
6. Ombeni ofisi ya maji ya wilaya ipime kisima chenu.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini mtoto hukosa oksijeni hali mapafu yake ni mazima?
2. Kisima chetu kiko umbali gani kutoka chooni?
3. Ni nani hapa kijijini anayelea mtoto kwa maziwa ya kopo, na je, amekwisha kusikia habari hii? Nendeni mkamweleze leo.