Somo la Mwezi: Mnara wa Mtakatifu Martin



Katika lugha yetu neno "mnara" hutumika kwa msikiti na kwa kanisa pia, wala hatuoni ajabu. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, kama lilivyo neno "kanisa". Mwezi huu tutazame mnara mmoja ulio mbali, katika mji wa Teruel, nchi ya Hispania.

Mji huo uliwekwa na Mfalme Alfonso wa Pili wa Aragon mwaka 1171, alipousogeza mpaka wake kusini katika nchi zilizokuwa za Waislamu. Katika ufalme ule Waislamu wengi hawakuondoka. Waliruhusiwa kukaa, kushika dini yao na kufanya kazi zao, mradi walipe kodi. Hao ndio walioitwa Mudejar, jina litokalo katika neno la Kiarabu lenye maana ya mtu aliyeachwa abaki. Neno hilo hilo husemwa pia kwa mnyama aliyefugwa. Basi msidhani kwamba ruhusa ile ilikuwa heshima kamili.

Walikuwa mafundi hodari wa matofali. Mawe mazuri ya kuchonga yalikuwa haba katika sehemu nyingi za Aragon, bali udongo na jasi vilikuwa tele. Kwa hiyo Wakristo walipotaka minara ya kengele, iliinuliwa na mafundi hao, pamoja na Wakristo waliojifunza ufundi kwao.

Mnara wa Mtakatifu Martin ulijengwa mwaka 1315 na 1316. Chini yake una tao kubwa, na njia ya watu hupita humo, hata mwenye kwenda sokoni hupita chini ya kengele. Kuta za nje zimepambwa kwa matofali yaliyopangwa kama mkeka uliosukwa, na katikati yake vigae ving'aavyo vya kijani na vyeupe, na nyota za pembe nane. Lakini la ajabu zaidi halionekani kwa nje: ni minara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ule wa ndani una vyumba vitatu, kimoja juu ya kingine, na ngazi huzunguka kati ya kuta mbili hadi kwenye kengele. Ndivyo ilivyojengwa minara mikubwa ya misikiti, kama Kutubia wa Marrakesh. Mwadhini alipanda hivyo, na mpiga kengele naye akapanda vivyo hivyo.

Unyevu ulikula matofali ya chini, na kati ya 1549 na 1551 fundi Mfaransa, Pierres Vedel, alitia mawe kuushikiza msingi.

Wajenzi hawakutunzwa hivyo. Mwaka 1526 Waislamu wa Aragon walilazimishwa kubatizwa. Hata ubatizo haukuwaokoa, kwani mwaka 1610 Mfalme Philip wa Tatu aliamuru wazao wao wafukuzwe katika Aragon. Wakristo waliwafukuza watu waliobatizwa kwa ajili ya damu ya babu zao; sioni njia ya kulisema jambo hili kwa upole. Wengi walivuka bahari kwenda Afrika ya Kaskazini.

Mwaka 1986 UNESCO iliandika minara ya Teruel katika urithi wa dunia. Wa Mtakatifu Martin ungali umesimama, na watu wangali wakipita chini ya tao lake.