Homa ya Ini C: Mbona Mmoja Hupona na Mwingine Huumia?



Watu wawili wa Voi wanaweza kuambukizwa homa ya ini C kwa sindano moja, na mwisho wao usifanane. Katika kila 10, karibu 3 hupona wenyewe ndani ya miezi 6, wanawake zaidi ya wanaume. Waliobaki hukaa na virusi, wengi wakijiona wazima, huku ini likipata makovu polepole, pengine miaka 20 na zaidi.

Kinachoharakisha makovu hasa ni pombe. Tuseme wazi: iwe mbangara, iwe chang'aa, kwa ini yote ni mamoja. Ukimwi na homa ya ini B pia huzidisha.

Kipimo cha kwanza huonyesha tu kwamba virusi viliwahi kuingia; hata aliyekwisha pona huambiwa anavyo. Basi msimzike mwenzenu kabla ya kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe. Akikutwa navyo, vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya 95 kwa 100. Na kula naye sahani moja hakuambukizi.

Zungumzeni kikundini: nani atamsindikiza Hospitali ya Moi pale Voi kuulizia kipimo hicho, na nauli itoke mfuko gani?